Spana za Fundi wa Pwani: Zinapopata Kutu, Zinapoteleza na Zinapopotea

Spana iliyokaa Nakuru miaka bila kufutwa inaweza kuanza kutu wiki ileile inapofika ukingoni mwa bahari Lamu. Chuma ni kilekile, hewa ndiyo iliyobadilika. Maelezo haya yamepangwa kwa dalili. Tafuta ile unayoiona kwenye kifaa chako, anza na sababu ya kwanza, na usiruke hadi ya pili kabla hujaithibitisha ya kwanza.

Kutu inarudi siku mbili tu baada ya kusafisha

Umesugua kwa brashi ya waya, umepaka oili, spana imeng'aa. Siku ya tatu vidoa vya rangi ya chungwa vimejitokeza palepale.

Sababu yake karibu kila mara ni chumvi iliyofunikwa na mafuta. Chumvi ya bahari haihitaji kumwagikiwa maji ili ifanye kazi. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya unyevu na kugeuka majimaji hewa ikifika unyevu wa takriban asilimia 75, na usiku wa Lamu hupita hapo mara nyingi. Ndani ya maji ya bahari mna pia chumvi za magnesi, ambazo hunyonya unyevu hata hewa ikiwa kavu zaidi. Kwa hiyo spana yenye chumvi hulowa yenyewe kila usiku, ndani ya sanduku lililofungwa, bila mvua wala umande. Oili uliyopaka juu haiitoi chumvi hiyo, inaifunika tu, na kutu huendelea chini yake.

Dawa ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kabla ya mafuta yoyote. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa visima vingi vya mjini vina maji ya magadi au ya chumvi chumvi. Kuosha kwa maji hayo ni kubadilisha chumvi moja kwa nyingine. Maji ya visima vya michanga ya Shela ni afadhali, na ya mvua kutoka kwenye jabia ndiyo bora kabisa kwa suuzo la mwisho. Lita 2 zinatosha kusuuza seti nzima ya spana ukitumia beseni.

Utaratibu ni huu. Toa grisi kwanza kwa mafuta ya taa na brashi, kwa sababu maji hayapenyi chini ya grisi. Osha kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya kuoshea vyombo, ukisugua kwenye maungio, kwenye namba zilizochongwa na ndani ya soketi. Suuza mara mbili. Suuzo la tatu liwe la maji ya moto sana, kwani chuma kikipata moto hujikausha chenyewe ndani ya dakika chache, hata mahali kitambaa hakifiki. Paka oili kikiwa bado na uvuguvugu.

Ukitaka kujua kama chumvi imeisha, chukua tone la maji ya suuzo la mwisho uliweke juu ya kipande cha kioo, na pembeni yake tone la maji yaleyale kabla hujayatumia. Yaache yakauke. Doa la kwanza likiwa jeupe na zito kuliko la pili, suuza tena.

Kama umeosha hivyo na kutu bado inarudi, tazama inakolala spana. Sponji iliyowahi kulowa maji ya bahari hubaki na chumvi milele, itupe. Mifuko ya ngozi na katoni hushika unyevu. Sanduku la mbao mbichi hutoa mvuke wenye asidi. Chupa ya Jik au betri inayochajiwa kwenye chumba hichohicho hutoa hewa inayokula chuma haraka kuliko bahari yenyewe, na hili husahaulika sana katika karakana ndogo ambako kila kitu kinawekwa kona moja. Usisahau pia mikono: jasho ni maji ya chumvi. Alama ya vidole vitano vya kutu kwenye mpini wa racheti haitoki baharini.

Kuhusu mafuta ya kupaka: oili safi ya injini inatosha. Changanya sehemu 1 ya oili na sehemu 4 za mafuta ya taa, chovya kitambaa cha pamba, pangusa. Mafuta ya taa huyeyuka hewani na kuacha utando mwembamba usionata. Yale ya kopo la kupuliza kama WD-40 ni mazuri ya kufukuza maji, lakini utando wake ni mwepesi, hivyo usiyategemee msimu mzima wa kusi. Mafuta ya nazi huchacha na kutoa asidi, yaache jikoni. Na sifa, yaani mafuta ya samaki yanayofaa sana kwa mbao za jahazi, hukauka ikawa kama gundi. Racheti iliyopakwa sifa itafunguliwa kwa kazi kubwa.

Spana imeanguka baharini, imeopolewa

Usiikaushe. Chuma kilicholoa maji ya bahari huharibika zaidi kinapoanza kukauka, maana hapo hewa na chumvi vinakutana. Itumbukize ndoo ya maji baridi papo hapo, ikae humo hadi ufike karakanani, kisha fuata utaratibu wa hapo juu. Sumaku ya kuvulia iliyofungwa kamba itanyanyua spana na soketi za chuma cha kromu-vanadi bila shida, lakini haishiki bolti nyingi za stenlesi. Kwa hiyo bolti hizo ziwe kwenye kikopo chenye kifuniko kabla hujafungua chochote juu ya maji.

Kutu imekula hadi kifaa kimeganda

Kwa koleo na makasi ya bati yaliyoganda, usipige nyundo kwanza. Yalaze katika mafuta ya taa usiku mzima, yafunguliwe na kufungwa taratibu, yarudishwe tena humo. Uchafu mwekundu utatoka kwenye ungio. Rudia hadi mafuta yatoke safi, kisha tia matone mawili ya oili kwenye pini.

Kifaa kizito kisicho na kromu, mathalani spana nyeusi ya kufua, jiliwa au tindo, husafishwa vizuri kwa umeme na magadi. Chukua ndoo ya plastiki ya lita 20, tia maji lita 16 na vijiko vikubwa 4 vya magadi ya kufulia. Ning'iniza kifaa katikati kwa waya. Pembeni simamisha kipande cha chuma chakavu cha kawaida, visigusane. Chaja ya betri ya volti 12: waya hasi kwenye kifaa, waya chanya kwenye chakavu. Ukikosea hapo, kifaa ndicho kitakacholiwa. Acha saa 6 hadi 10, povu litapanda na kutu italegea ikawa matope meusi. Chaja mpya zenye kompyuta ndani mara nyingi hukataa kuwaka, tumia ile ya zamani yenye transfoma.

Mambo matatu hayana mjadala. Usitumie stenlesi upande wa chanya, maji hayo hupata sumu ya kromu. Fanya kazi hii nje au penye upepo, mbali na moto na sigara, kwa sababu inayotoka ni haidrojeni. Na uzime chaja kabla ya kutia mkono.

Siki pia hufanya kazi: saa 12 hadi 24, kisha maji yenye magadi kidogo ya kuua asidi, kisha suuza, kausha, paka mafuta. Ila usilaze humo springi, bapa za kukatia wala kifaa chochote kigumu sana chembamba. Asidi hutia haidrojeni ndani ya chuma kigumu, na kinaweza kuvunjika baadaye ghafla mkononi. Umeme nao hufanya vivyo hivyo kwa vitu vya aina hiyo.

Kromu inabambuka

Kromu ya spana ni ngozi nyembamba mno, na chini yake kwa kawaida pana nikeli. Ikipata tundu dogo, chumvi hupenya na kutu hutambaa chini kwa chini mpaka ngozi inanyanyuka. Haina marekebisho ya nyumbani. Siki na umeme huzidisha tatizo, maana vitainyanyua iliyobaki. Kama ni vidoa tu, sugua kwa sufi ya chuma laini kabisa yenye oili, basi. Kama magamba yanainuka kwenye mpini, piga msasa hadi yaishe au itoe spana kazini. Gamba la kromu ni kali kama wembe na huingia kiganjani.

Ukiona kromu ya spana mpya inabambuka ndani ya miezi michache ilhali unaiosha vizuri, ulinunua rangi badala ya chuma. Unaponunua, tazama ndani ya mdomo na ndani ya soketi, si mgongoni panapong'arishwa. Kingo ziwe zimenyooka, namba zimechongwa kwa kina na si kuchapwa, na mbili za saizi moja zikiwekwa pamoja zilingane.

Spana inateleza, kona za nati zinaviringika

Kabla ya kulaumu mkono, pima nati kwa venia, yaani kipimo chenye taya cha kupimia upana. Mashine za boti za Kijapani hufuata vichwa vya Kijapani: bolti ya M6 ina kichwa cha mm 10, M8 ina 12, M10 ina 14, M12 ina 17. Kwa Wazungu M8 huwa 13, na M10 huwa 16 au 17. Mtu akija na seti ya gari ya Ulaya kwenye Yamaha atajikuta ana 13 asiyoihitaji na 12 hana, na hapo ndipo 13 hutiwa kwenye kichwa cha 12 kwa kitambaa. Kona zinakwisha siku hiyohiyo.

Inchi nazo zina mitego. Inchi 5/16 ni mm 7.94, kwa hiyo spana ya 8 inafaa. Inchi 3/4 ni 19.05, ile ya 19 kwa kawaida inafaa. Lakini inchi 1/2 ni 12.7, na spana ya 13 juu yake itaonekana kama imekaa kumbe inacheza. Inchi 9/16 ni 14.29: ya 14 haiingii, ya 15 inaogelea. Dizeli za zamani za Kiingereza zilizomo katika baadhi ya majahazi zina mfumo wa Whitworth, ambao namba ya spana hutaja unene wa bolti na si upana wa kichwa. Nunua spana chache zake hasa, hata kama ni kuukuu. Hakuna mbadala.

Saizi ikiwa sahihi na bado inateleza, mdomo umepanuka. Chukua bolti mpya ya saizi hiyo, itie mdomoni, ingiza fila geji (kibati chembamba cha kupimia pengo) upande mmoja. Ikiingia ya mm 0.5, spana hiyo ifanye kazi nyepesi tu au itolewe. Usiibane kwa jiliwa kuirudisha, itapanuka tena kwa mvuto wa kwanza mzito.

Sababu ya tatu ni umbo. Ringi, yaani spana ya mdomo wa duara, ya kona 12 hushika karibu na ncha za nati, ya kona 6 hushika ubavuni. Kwa nati yenye kutu tumia kona 6 siku zote. Spana malaya, ile ya kurekebishwa upana, iwe ya mwisho, na ukiitumia vuta kuelekea upande wa taya linalotembea, ili mzigo ubebwe na taya lisilotembea.

Bolti ya stenlesi ndani ya alumini ni jambo jingine. Unga mweupe uliouona pembeni ni kutu ya alumini, nao hujaza hesi (mikunjo ya bolti) ukawa kama saruji. Gonga kichwa cha bolti mara kadhaa kwa nyundo ndogo, tia mafuta ya kupenya, acha usiku kucha. Kesho yake kaza kidogo kwanza, kisha legeza. Ikikataa, ondoa tangi na mipira yote ya petroli, pasha moto alumini kuzunguka bolti, si bolti yenyewe, kwa sababu alumini hutanuka kuliko stenlesi na kuiachia. Unaporudisha, paka hesi grisi ya baharini. Dakika moja hiyo inaokoa asubuhi nzima ya mwakani.

Bisibisi ya nyota inaruka nje ya skrubu

Skrubu nyingi za kabureta za Kijapani si za nyota ya kawaida. Zinafanana kwa macho, ila njia zake ni tofauti kidogo na ncha ya kawaida haifiki chini. Nyingi zina kitone kidogo kichwani. Tafuta bisibisi ya mfumo wa Kijapani, JIS, namba 2 na namba 3, na tatizo litaisha siku hiyo. Hiki ni kifaa cha bei ndogo chenye faida kubwa kuliko chochote kingine katika sanduku la fundi wa mashine, na bado wengi hawanacho. Ongeza bisibisi ya kugonga kwa nyundo kwa skrubu zilizoganda: inasukuma chini na kuzungusha kwa pigo moja.

Racheti inaruka meno au haishiki

Fungua kichwa: skrubu mbili au klipu moja ya duara. Fanya hivyo ndani ya sinia, springi yake ni ndogo kama punje ya mchele na huruka. Mara nyingi utakuta grisi nzito iliyochanganyika na mchanga, imezuia kidole (kipande kidogo kinachoshika meno) kisirudi kwenye meno. Osha kwa mafuta ya taa, kausha, tia oili nyepesi matone machache. Grisi nzito ndiyo iliyoleta tatizo, usiirudishe.

Meno yakiwa yameviringika, badilisha gia na kidole pamoja. Racheti ya meno 72 husogea kwa nyuzi 5, ya meno 36 kwa nyuzi 10. Ya meno mengi inafaa penye nafasi finyu chini ya kava la mashine, ila haipendi bomba la kurefushia mpini. Kulegeza kilichoganda ni kazi ya mpini mrefu usio na meno.

Soketi ikipasuka ubavuni, uliza kama ilitiwa kwenye mashine ya kugonga. Soketi zinazong'aa ni ngumu na hupasuka vipande. Za mashine ni nyeusi na nene. Rangi hiyo nyeusi haizuii kutu kama kromu, kwa hiyo zipakwe oili mara mbili zaidi.

Spana ya toki hailii, au hailii inapopasa

Hii ni spana inayolia mkazo ukifika kipimo ulichoiwekea. Ikiwa imelala muda mrefu, ibofye mara 5 kwenye kipimo cha kati kabla ya kazi ili oili isambae ndani. Usiiamini chini ya sehemu ya tano ya kipimo chake cha juu. Iliyohifadhiwa ikiwa imekazwa, springi yake imechoka: irudishe kwenye kipimo chake cha chini kabisa kila jioni, bila kupita chini ya hapo. Wala isitumike kulegeza.

Kuipima bila maabara inawezekana. Bana mraba wake kwenye jiliwa, mpini ukae mlalo. Iweke Nm 50 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Pima mita 0.40 kutoka katikati ya mraba, iwe katikati ya mshiko, tundika hapo jerikeni tupu na umimine maji polepole. Hesabu inataka kilo 12.7, lakini uzito wa spana yenyewe husaidia kwa karibu nusu kilo, kwa hiyo ilie jerikeni na maji yake vikiwa kilo 12 hivi. Pima jerikeni kwenye mizani ya duka, usikisie. Ikilia kwenye 10 au 15, ipelekwe kurekebishwa.

Kwa plagi ya mm 14 yenye washa, kama huna toki: kaza kwa vidole hadi ikae, kisha nusu mzunguko ikiwa mpya. Ikiwa ya zamani, sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko inatosha.

Tupa haikati alumini

Imezibwa. Isugue kwa brashi ya waya kufuata mkondo wa meno, kisha ipake chaki kabla ya kuitumia tena. Tupa haipakwi oili.

Ya namba 10 haionekani

Hupotea hii kuliko zote kwa sababu ndiyo inayotumika kuliko zote. Sababu halisi ni kwamba sanduku halionyeshi pengo. Spana 14 zikiwa zimerundikwa, jicho haliwezi kuona kuwa zimebaki 13. Chukua ubao wa plaiwudi wa mm 9, upake rangi ya mafuta pande zote mbili na kingoni, laza vifaa, chora umbo la kila kimoja kwa rangi nyekundu. Misumari iwe ya shaba au stenlesi. Pengo jekundu utaliona ukiwa mlangoni.

Usianze kwa kununua seti ya vipande 150. Kwa mashine za boti na pikipiki za Mokowe, bara ng'ambo ya Lamu, anza na 8, 10, 12, 14, 17 na 19, kila moja ringi na mdomo, na soketi zake za kona 6. Ongeza soketi ya plagi ya 21, bisibisi mbili za JIS, koleo la kawaida na la mdomo mrefu, nyundo ya gramu 500 na nyundo ya plastiki. Ya 10 nunua mbili. Saizi nyingine nunua siku kazi inapoidai, na nunua nzuri.

Za kwenda botini zitenganishwe na za karakana, ziwe chache zinazohesabika, ndani ya ndoo yenye kifuniko cha mpira. Andika idadi juu ya kifuniko kwa rangi. Hesabu kabla boti haijaondoka gatini, hesabu kabla hujarudisha kava la mashine, kwa maana spana iliyosahaulika chini ya kava hukutana na gurudumu la injini linapozunguka. Ukirudi, ndoo hiyo isiingie karakanani kabla vifaa vyake havijaoshwa, hata kama havikulowa. Ndani weka kifuko cha jeli ya silika. Chembe zake zikibadilika rangi zikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 hadi rangi ya mwanzo irudi.

Mpini wa nyundo ukilegea, usiutie majini usiku. Mbao hujaa, inashika siku mbili, kisha inasinyaa kuliko ilivyokuwa. Gonga kabari mpya ya mbao ngumu kichwani, ukate kilichozidi, na ulowanishe ncha hiyo kwa mafuta ya linsidi.